Mkono wa Bi Shifaa

Rafiq alikuwa amefika kabla yake, na hilo peke yake lilimwambia Rumaisa kwamba habari haikuwa njema. Siku za furaha Rafiq huchelewa. Huja mbio kutoka mtaa wa Deira, hapa Dubai, ofisini kwao wanakopakia mizigo ya watu ya kwenda Mombasa, vumbi la maboksi lingali mabegani, na kisingizio kipya kiko tayari mdomoni. Leo alikuwa amekaa kwenye meza ya pembeni ya mkahawa ule mdogo wa Oud Metha, mkabala na chuo, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Mbele yake palikuwa na vikombe viwili vya karak, chai ya maziwa na iliki. Kimoja alikuwa amekifunika kwa kisahani ili kisipoe.

Rumaisa alikiona kisahani kabla hajamtazama mwenyewe usoni. Akawaza moyoni: huyu hata siku ya kuniacha atanifunikia chai.

"Umetoka salama?" Rafiq akauliza.

"Salama."

"Na mikono?"

Kila walipokutana alimwuliza hivyo, na kila mara Rumaisa alijibu kwa kuikunjua juu ya meza. Miezi ya mwanzo ya masomo ngozi yake ilipasuka, vifundo vikawa vyekundu, kwa sababu ya kunawa na kusugua kutwa nzima. Ndipo Rafiq alipomletea chupa ndogo ya mafuta ya nazi, si ya dukani, ya kupika nyumbani, akamwambia ajipake kila anapolala. Sasa ngozi ilikuwa imeshikana. Rafiq aliitazama mikono ile kwa muda, macho yakatembea kidole kwa kidole, kisha akakisukuma kikombe karibu naye bila kuigusa. Walikuwa hawajaoana, na hakuwa mtu wa kuiba kisicho chake.

"Mama amesema neno," akaanza.

"Nilijua."

"Sijalitaja bado."

"Umepiga pasi shati, Rafiq. Nikadhani pengine kuna mtu kafa."

Alitaka kucheka, kicheko kikaishia kwenye pua. Raed, mwenye mkahawa, aliwatupia jicho mara moja tu, akaenda akapunguza sauti ya televisheni bila ya kuambiwa na mtu.

Tuirudie kidogo Jumamosi iliyopita, maana bila ya siku ile haya hayaeleweki.

Rumaisa alikuwa akisomea kazi ambayo wengi wa kwao Unguja hawajui kama ipo. Si daktari, na si muuguzi wa kupita wodini. Ni yule anayesimama kando ya daktari wa upasuaji, akimtayarishia vyombo na kumpa mkasi, koleo na uzi, na kulinda kila kilicho safi kisiguswe na kisicho safi. Majirani wa Deira wakimwuliza mama yake, Bi Huda, mtoto anasomea nini, yeye hujibu, "Anasomea mambo ya hospitali," akabadilisha mazungumzo.

Jumamosi ile mwalimu wao, Madam Precious, Mtanzania wa Mbeya, mpole nje ya darasa na mkali ndani yake, aliwafanyisha mazoezi tangu asubuhi, kwani baada ya wiki mbili walikuwa wanaingia hospitali kwenye upasuaji wa kweli. Nawa, inua mikono mbele ya kifua, vaa gauni, vaa glovu, simama. Aliyeguswa na mlango alirudi mwanzo. Aliyeguswa na mkono wa nguo ya mwenzake alirudi mwanzo. Rumaisa na Desire, msichana wa Bujumbura aliyekuwa mwenzake wa meza, walifundishwa kumwonya yeyote anayewakaribia, nao kutwa nzima waliambiana kwa Kiswahili: "Usiniguse, nishanawa." Walisema mpaka maneno yakawa yanatoka yenyewe, kama mtu anavyosema bismillahi.

Jioni ile ile ndiyo wanawake wa kina Rafiq walikuja na posa.

Rumaisa aliingia nyumbani wageni wameshakaa. Mama yake akamnong'oneza, "Nawa upesi, uwatolee halua." Akaenda jikoni akanawa, na mwili uliochoka ukafanya ulichokuwa ukifanya tangu asubuhi. Alitokea ukumbini mikono ameiinua mbele ya kifua, maji yakimchirizika kuelekea viwikoni. Bi Shifaa, mama yake Rafiq, alisimama. Mtu mzima alimwinukia mtoto. Akautoa mkono wake wa kulia chini ya leso, akaunyoosha, Rumaisa aupokee na kuubusu kama wafanyavyo watoto wenye malezi.

Rumaisa akarudi nyuma hatua moja. "Usiniguse," akasema. "Nishanawa."

Bi Shifaa aliurudisha mkono wake chini ya leso polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Halua haikuonjwa. Rumaisa aliomba samahani pale ukumbini, akaomba tena kwenye ngazi, akakimbilia mpaka kwenye lifti, lakini mlango ulishafungwa, na posa ikarudi Satwa, mtaani kwa kina Rafiq, kama ilivyokuja.

"Sema basi," Rumaisa akamwambia Rafiq. "Mama amesemaje?"

"Asema nikuoe." Alikuwa akikizungusha kikombe chake bila kunywa. "Lakini uache chuo. Kabla hujaingia hospitali wiki ijayo."

"Na nisipoacha?"

"Asema mke aliyefundishwa kuogopa mikono ya watu hatampikia mtu uji akiugua."

Rumaisa alikiondoa kisahani juu ya kikombe. Mvuke ukapanda katikati yao.

"Haya, hayo ya mama nimeyasikia. Na wewe wasemaje?"

"Mimi nasema uache kwa sasa tu. Mwakani, akishapoa, hata mimi mwenyewe nitamwambia..."

"Mwakani mimba, Rafiq. Mwaka wa pili mtoto. Wa tatu mama yangu miguu imemuuma zaidi. Chuo hakikai kibarazani kumngoja mtu amalize shida zake."

"Wafikiri sijui? Walahi silali. Nikikutazama wewe naona haki yako. Nikirudi nyumbani nikimtazama yule mzee anavyonyamaza, naona haki yake. Nikatwe vipande, huku kimoja na huku kimoja?"

Rafiq akageuza uso kutazama barabara. Rumaisa aliutazama ule upande wa shavu, na sikio lililobabuka kwa jua la kupakia mizigo, akatamani kulifunika kwa kiganja chake. Akaiweka mikono mapajani.

"Nikuhadithie kitu ambacho sijamhadithia mtu," akasema. "Nilikuwa mdogo, nikapasuliwa tumbo, hapa hapa Dubai. Mama alizuiwa mlangoni. Nililia mie, nililia. Akaja mwanamke kavaa barakoa, nikaona macho tu. Akanishika mkono. Akaniambia kwa Kiarabu, 'Nitakushika mpaka ulale, halafu niende nikanawe.' Sijui jina lake wala sijui kwao. Ila usingizi ulinichukua nikiwa nimeshika vidole vyake, na nilipoamka nilikuwa mzima. Kazi yake ndiyo hii ninayosomea. Nikiiacha nitakuwa nimeuachia mkono ule."

Rafiq alipogeuka, macho yake yalikuwa na maji, naye hakuyaficha.

"Basi nami nikwambie habari ya mkono," akasema. "Makosa ni yangu, nilitakiwa nikwambie mapema. Wajua mama hupika sambusa na mahamri za kuuza. Zamani, hapo Satwa, mtoto wa jirani alitambaa mpaka jikoni kwetu. Mtoto wa Kihindi wa ghorofa ya chini, hata si wa kwetu. Akashika mguu wa meza, karai la mafuta ya moto likaanza kuinama. Mama alilizuia kwa mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia. Mtoto hakupata hata tone. Mama tangu siku ile mkono huo huukalia, huufunika kwa leso, watu wasiuone. Hampi mtu ila sisi wanawe. Ukimwamkia hukupa wa kushoto na kukuomba radhi. Siku ile kwenu, Rumaisa, alikutolea wa kulia."

Rumaisa alifumba macho.

"Nilikuwepo njiani tukienda," Rafiq aliendelea taratibu. "Alisema garini, 'Huyu nitampa wa kulia, kwani ni mwanangu.' Na yale mafuta ya nazi niliyokuletea, wadhani nani aliyekuna nazi, akakamua tui, akalichemsha? Nilimwambia tu kwamba kuna msichana mikono yake inapasuka. Wakati huo hata jina lako hakuwa akilijua."

Chai ilikuwa inapoa, na safari hii hapana aliyeifunika. Rumaisa alisimama, akauvuta mtandio wake vizuri, akachukua mkoba.

"Waenda wapi?"

"Satwa."

"Nikupeleke?"

"Hapana. Ukiwepo atakutazama wewe. Nataka anitazame mie."

"Mama yako anajua?"

"Mama amesema sisi hatuendi kubembeleza watu. Basi sendi kubembeleza."

Rafiq akasimama naye. Walitazamana juu ya meza ile ndogo, mtazamo ambao mtu hujiwekea akiba asijue kama atapata mwingine.

"Rumaisa. Akikukataa?"

"Basi utakuwa umeninunulia chai nzuri," akasema, akatoka.

Bi Shifaa alikaa juu ya maduka ya mafundi cherehani, ghorofa ya pili. Ngazi zilikuwa nyembamba, na fundi mmoja aliyekaa chini akipindia kanzu aliukunja mguu wake Rumaisa apite, akampa na salamu. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha sasa hivi. Rumaisa alibisha, akasikia kandambili zikija, mlango ukafunguliwa.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri. Rafiq hayupo."

"Najua. Nimemwacha Oud Metha."

"Basi wamtaka nani?"

"Nakutaka wewe, mama."

Bi Shifaa alimtazama kuanzia mtandio mpaka viatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, na uso uliokuwa mzuri na bado haujasahau. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya leso.

"Pita," akasema. "Kiti hicho hapo. Usihofu, nimekifuta."

Neno lilimchoma Rumaisa, lakini alilipokea. Hakukaa. Alimfuata mpaka mlangoni mwa jiko, ambako Bi Shifaa alirudi kwenye meza yake na kuendelea kukunja sambusa, mkono wa kushoto ukifanya kazi kubwa, wa kulia ukishikilia tu chini ya ncha ya leso. Hata hivyo zilikunjika vizuri, pembe tatu kamili, zikapangwa sinia nzima.

"Kama umekuja na samahani, nilizisikia siku ile mpaka kwenye ngazi," alisema bila kuinua uso. "Watu wa Unguja mna maneno matamu. Mwenye njaa aweza akashiba."

"Sikuja na maneno. Nimekuja nikuoneshe kitu. Nakuomba mfereji wako tu, mama, na sabuni."

Bi Shifaa akaashiria sinki kwa kidevu.

Rumaisa alivua saa, akavua pete yake ndogo ya fedha, akakunja mikono ya nguo juu ya viwiko. Akafungua maji. Akaanza kama alivyofundishwa: ncha za kucha, kidole kwa kidole, kila kidole upande huu na upande huu, katikati ya vidole, kiganja, mgongo wa mkono, kisha akapanda polepole kuelekea kiwikoni, wala asirudi chini hata mara moja. Hakuharakisha. Kelele ya maji ilijaa jikoni.

Nyuma yake kazi ya kukunja sambusa ilikuwa imesimama.

"Mbona hurudi ulikopita?" Bi Shifaa akauliza mwishowe.

"Hairuhusiwi. Vidole ndivyo viwe visafi kuliko pote. Uchafu unausukuma uende zake kiwikoni."

"Naona ni kama udhu wa mtu mwenye wasiwasi."

"Ni kama udhu, mama. Kweli."

Akafunga mfereji kwa kiwiko. Akageuka, mikono ameiinua mbele ya kifua, vidole juu, maji yakidondoka viwikoni na kulowesha sakafu. Alisimama vile vile alivyosimama ukumbini kwao siku ile, na Bi Shifaa alipomwona hivyo uso wake ulibadilika.

"Sasa mikono hii si yangu," Rumaisa akasema. "Ni ya mgonjwa. Siwezi kushika kitu wala kuguswa, hata na mama yangu aliyenizaa. Mtu akinigusa, imetenguka, narudi mwanzo. Siku ile tulifanya hivi tangu asubuhi, mama. Nilikuja nyumbani akili imelala, mikono imebaki darasani."

"Imetenguka," Bi Shifaa alirudia.

"Ndiyo."

Bi Shifaa alivuta kigoda akakaa. Kisha akasema, kama anayezungumza na sambusa zake:

"Hapo chini pana duka, mwenyewe aitwa Wahid, Mpakistani, mtu mwema sana. Nikipungukiwa na unga hunipandishia mwenyewe mpaka mlangoni. Mimi nikiwa na udhu sipokei kitu mkononi mwake, nisije nikagusana na mwanamume ukatenguka. Humwambia, weka hapo juu ya meza. Kwao wao udhu hautenguki kwa hilo, hakujua. Siku moja akamwuliza Rafiq, 'Mama yako nimemkosea nini, mbona anauogopa mkono wangu?'"

"Rafiq akamjibu nini?"

"Akamwambia, mama ana udhu." Alipangusa unga vidoleni. "Nililia siku ile. Nilisema, masikini, mwaka mzima ameweka moyoni, na kila siku akinipandishia unga."

Akaisogeza sinia pembeni.

"Na chuo?" Bi Shifaa akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Rumaisa alijua. Neno moja la uongo lingemfungulia mlango.

"Siachi, mama. Sikuja kukudanganya. Wiki ijayo naingia. Atakuwepo mtu amelazwa pale, na mama yake yuko nje anaomba dua. Kabla sijanawa nitamshika mkono mpaka alale. Nikishanawa sitamgusa hata akinililia. Yote mawili ni kwa ajili yake. Ikiwa kwa hilo sifai kuwa mkwe wako, nitaondoka, na sitamvuta Rafiq akuasi. Ila usiamini kwamba niliuona mkono wako nikauona mchafu. Sikuuona kabisa, na hilo ndilo kosa langu."

Bi Shifaa alikuwa akiitazama ile mikono iliyoinuliwa, ikidondoka maji. Aliitazama kwa jicho la mtu anayekagua kazi yake mwenyewe.

"Vifundo vimeshikana," akasema.

"Ni yale mafuta."

"Rafiq amekwambia."

"Leo."

"Nilimkataza. Mtoto huyu ana mdomo."

Rumaisa akasogea hatua moja, ile ile aliyorudi nyuma siku ile. Akaishusha mikono yake, akaikunjua mbele ya Bi Shifaa.

"Nipe mkono wako, mama."

"Utatenguka."

"Najua."

Bi Shifaa alisita. Kisha leso ikatikisika, na mkono wa kulia ukatoka, ngozi yake imevutana na kung'aa kama nta, vidole viwili vimejikunja visivyokunjuka tena. Rumaisa aliupokea kwa mikono yake yote miwili, akaubusu, akauegemeza kwenye paji la uso wake. Ulikuwa na unga na harufu ya bizari. Hakuuachia upesi.

"Umeharibu kazi yako yote," Bi Shifaa akasema.

"Nitanawa tena, mama."

"Na wiki ijayo unawe vivyo hivyo, mwanangu," Bi Shifaa akasema. Alichukua pindo la leso yake, akaanza kumfuta maji viwikoni, polepole, mkono huu kisha huu, wala hakuuachia mkono wake wa kushoto kazi hiyo.